Fomula Haijui Kisima Chetu

Wifi yangu aliteremka kutoka Newala msimu wa korosho ulipokuwa unaishia. Kesho yake asubuhi nikamkuta uani ameshajifunga khanga, vyombo vya usiku viko mbele yake. Akachukua chupa yangu ya sabuni, akaiinamisha juu ya dodoki. Sabuni ikatoka kwa mkupuo, ikapenya dodoki lote, ikamalizikia mchangani. Akaiinua chupa juani, akaitikisa, akanitazama kwa lile jicho la mawifi.

"Wifi, hii sabuni au maji ya kunawia?"

Tukacheka. Utani wa wifi haudai majibu. Lakini wiki zikapita, na kila nikiishika ile chupa namsikia yeye.

Kwa sababu fomula ya sabuni ya maji niliifuata.

## Ongeza chumvi

Fomula yenyewe mnaijua. Ndoo ya lita 20, salfoniki ambayo ni asidi nzito ya kutengenezea sabuni, slesi ile jeli ya povu ambayo wengine huiita ungaroli, magadi soda yaliyolowekwa tangu jana, chumvi nusu kilo, glisirini, rangi na perfyumu. Koroga upande mmoja, funika, acha povu litulie mpaka asubuhi. Waliofundishwa kwenye semina za SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, na waliojifunzia kwenye simu wanapishana vipimo kidogo tu. Hapa Chikongola, Mtwara mjini, si ajabu kuingia kwa jirani ukakuta ndoo imeegemezwa nyuma ya mlango na mwiko wake juu.

Na sabuni ikitoka nyepesi, jibu ni moja kila mahali: ongeza chumvi.

Jibu hilo si la uongo. Slesi na salfoniki iliyokwisha kupoozwa asidi yake kwa magadi zina chembe ambazo ndani ya maji hujikusanya makundi makundi. Chumvi ikiingia, makundi hayo hurefuka, yakasokotana, na maji yakawa mazito. Hakuna uchafuzi wala uchawi hapo. Ila pia hakuna nguvu mpya ya kusafisha iliyoingia kwenye ndoo. Sabuni ni ileile uliyoimimina mwanzo, imesimama tu kwa namna nyingine.

Kilichonikwaza ni kwamba chumvi ina kilele chake. Ukikipita, ule uzito hushuka upande wa pili, na kila kijiko unachoongeza kinazidi kuifanya maji. Kwenye zile video za simu hilo halisemwi, labda kwa sababu aliyezirekodi hakuwahi kufika huko. Alitumia maji ya kwao.

Sisi tunatumia maji ya kisima.

## Kikombe cha maji ya mvua

Mvua za huku ni msimu mmoja, kuanzia Desemba hivi mpaka Aprili, na mwezi wa kwanza mapipa yetu huwa yamejaa maji ya bati. Jioni moja umeme umekatika, watoto wamelala, nikateka sabuni kikombe kimoja kutoka kwenye ndoo. Nilitaka kujua jambo moja tu: nikiizimua kwa maji ya mvua itakuwaje?

Akili ya kawaida inasema itazidi kuwa nyepesi.

Nikamimina kidogo kidogo huku nakoroga na kijiko cha chai. Mwanzo haikuonyesha dalili yoyote. Kisha kijiko kikaanza kuwa kizito mkononi. Nikadhani ni macho ya gizani, nikasogeza taa. Nikainua kijiko, na sabuni ikaning'inia ukingoni, ikachelewa kuanguka, ikavutika uzi mrefu mwembamba kabla ya kudondoka. Nimeongeza maji, sabuni imekuwa nzito.

Nilikaa pale jikoni na kikombe changu kama mtu aliyeokota simu isiyokuwa yake.

Maelezo yake, nilipotulia, yalikuwa wazi. Kisima chetu kina chumvi. Hilo hata chai inajua. Magadi soda yakizidi mahitaji ya salfoniki nayo yanafanya kazi ya chumvi. Juu ya hayo fomula inakuagiza nusu kilo kwa lita 20, yaani asilimia mbili na nusu. Ukijumlisha, kilele kilishapitwa zamani, na majirani wote wananishauri niendelee kukipita. Maji ya mvua yaliirudisha nyuma sabuni mpaka pale inapofungana.

Kwa hiyo kabla hujasikiliza ushauri wa chumvi, zimua kikombe kimoja. Kikiwa kizito, chumvi imezidi. Kikiwa chepesi zaidi, chumvi haijatosha, au slesi yenyewe ilikuwa kidogo tangu mwanzo, na hilo la mwisho halitibiwi na chumvi ya aina yoyote.

## Chupa tatu dirishani

Nikaanza kuyatazama maji kwa jicho lingine. Nilichukua chupa tatu zinazofanana, moja nikatia maji ya kisima, ya pili ya bomba, ya tatu ya mvua. Kila moja nikaipa kipande cha sabuni ya mche nilichokikwangua kwa kisu, nikatikisa, nikazipanga dirishani.

Chupa ya mvua ilijaa povu mpaka shingoni na chini yake maji yakabaki meupe kidogo tu. Ya bomba ilikuwa ya katikati. Ya kisima haikuwa na povu la kusemwa. Maji yake yaligeuka kama tui bovu, na juu yakaelea madonge madogo ya kijivu yaliyonata kwenye kuta za chupa.

Yale madonge ndiyo yanayobaki kwenye kola za mashati. Ardhi ya pwani yenye mawe ya matumbawe huachia chokaa majini, na chokaa ikikutana na sabuni ya kweli, ile iliyopikwa kwa mafuta na kostiki, yaani soda kali inayounguza, hushikana nayo ikawa utando usioyeyuka. Sehemu ya kwanza ya sabuni yako inakwenda kupigana na kisima. Nguo inapata kilichosalia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na fomula za Ulaya na Marekani zinazosambazwa kwa tafsiri: kwangua mche wa sabuni, changanya na magadi soda na boraksi, chemsha, hiyo ni sabuni yako ya mashine. Kule kwenye maji laini huenda inakubali. Kwenye maji ya kisima cha pwani unaweka utando juu ya utando, na baada ya miezi taulo linakuwa gumu na halinywi maji. Sabuni ya maji ya slesi haishikwi na chokaa kirahisi hivyo, na ndiyo sababu yangu kubwa ya kubaki nayo. Harufu na rangi ni mapambo.

Magadi soda ninayo, lakini nimeyabadilishia kazi. Siku ya kufua nayatia kwenye maji kwanza, kiganja kidogo kwa beseni, nasubiri. Maji yanapiga ukungu, chokaa inaanza kutulia chini, nayateka yale ya juu kwenye beseni la kufulia. Sabuni inayofuata inahitajika kidogo sana.

## Mashine isiyotoa povu

Mdogo wangu anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja ya huku. Wana mashine ya kuoshea vyombo, na nilimtania kwamba yeye siku hizi haoshi, anabonyeza.

"Dada, humo ndani hakuna povu hata chembe," akaniambia. "Likitokea povu, tunaizima."

Mashine ile hurusha maji ya moto kwa nguvu kupitia vitundu vya mikono inayozunguka. Povu likijaa, pampu inavuta hewa badala ya maji na msukumo unakufa. Kwa hiyo unga wake umetengenezwa kwa makusudi usitoe povu: alkali kali, vimeng'enya vya kuvunja wanga na protini, na dawa za kuzuia chokaa. Ukitia humo sabuni ya maji kama hii yangu, povu litatokea mlangoni na kumwagika sakafuni. Kwa yeyote mwenye mashine nyumbani anayetaka kubana matumizi kwa sabuni ya ndoo, jibu langu ni hapana. Hata mashine ya kufulia, ile ya mlango wa mbele, haiipendi.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba mashine nyingi za vyombo zina tundu lake la chumvi. Si ya kutia uzito. Ndani yake kuna kichujio kinachonasa chokaa kutoka kwenye maji, na chumvi kazi yake ni kukisafisha kichujio ili kiweze kunasa tena. Waliounda mashine walianza na maji, sabuni ikafuata.

Na mimi hapa nimelelewa kuamini kwamba beseni lisilo na povu halijaanza kazi.

## Nani atalisuuza

Nilipopanda Newala kuwasalimia wakwe nilibeba dumu la sabuni, safari hii nzito, imenyooka, ya kumnyamazisha mtu. Wifi aliipokea kwa mikono miwili na kuisifu kuliko inavyostahili. Mama mkwe akaimimina kidogo kwenye beseni, akavuruga, akalitazama povu linavyopanda.

"Povu lako zuri, mwanangu," akasema. "Sasa nani atalisuuza?"

Anayeijua Newala hahitaji kuelezwa. Juu ya uwanda ule wa Makonde maji hayasimami juu ya ardhi, mchanga unayameza. Mama mkwe ni wa kizazi kilichoteremka bondeni alfajiri na kurudi na mtungi kichwani jua limeshapanda. Mradi wa maji wa Makonde umepunguza mateso, lakini mkono wake haujasahau. Maji ya kusuuzia vyombo anayatumia kulowekea sufuria, ya sufuria anamwagilia mgomba.

Fomula zinahesabu salfoniki kwa lita na chumvi kwa kilo. Hesabu ya maji ya kusuuza sijawahi kuiona popote. Kwake hiyo ndiyo bei ya sabuni. Sabuni inayotaka masuuzo matatu ni ghali kuliko inayotaka moja, hata ukipewa bure.

Sufuria zake anazisugua kwa makumbi ya nazi na majivu. Nilikuwa nadhani ni ukale tu. Majivu ya kuni yana alkali yake, ndugu wa magadi, na alkali ikikutana na mafuta ya mboga yaliyoganda hupika hapohapo sabuni kidogo, wakati chembe za majivu zinakwangua masizi. Suuzo moja, kwisha. Kwa sufuria ya aluminiamu ningemshauri asizidishe, maana alkali huila polepole. Sikumshauri. Sufuria zake zina umri kuliko ndoa yangu.

Niliporudi nilipunguza salfoniki, nikaacha kabisa kile kiongeza povu wanachokiuza kando. Watoto walilalamika siku mbili tatu.

## Na uzito je?

Hapo ningeweza kujitangazia ushindi juu ya wifi: sabuni nyepesi inasafisha sawa na nzito, uzito ni wa macho tu.

Nilikaribia kuandika hivyo. Kisha nikamwangalia binti yangu akiosha sahani.

Sabuni nyepesi haikai kwenye dodoki. Anaimimina, inapenya, anamimina tena. Ile nzito inamkalia juu, inamtosha sahani nyingi. Wifi hakuwa anazungumzia dawa iliyomo ndani ya chupa. Alikuwa anazungumzia mkono wake na kile kilichopotelea mchangani. Kwa vyombo, uzito ni kipimo cha matumizi, na yeye alikuwa sahihi. Kwa kufulia hauna kazi, kwa kuwa ndani ya beseni kila sabuni inakuwa maji.

Basi siku hizi natengeneza ndoo moja na kuigawa. Nusu naiacha nyepesi, ya nguo. Nusu ya vyombo naitia chumvi kijiko kwa kijiko, iliyoyeyushwa kwenye maji ya mvua, na nasimama mapema. Chumvi ya mezani inanipa matokeo ya kuaminika kuliko ile ya mawe kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya pwani yetu hii; ya mawe haijasafishwa, inabeba na magnesi, ambayo nayo ni adui wa sabuni. Jirani aliyetaka kuinunua nimemwambia wazi kwamba chumvi ni ya kumsaidia asimwage. Akanunua ileile nzito, na ya kufulia pia anataka nzito. Hilo nimemwachia yeye.

## Mambo ambayo jicho halioni

Uzito na povu kila mtu anaona. Asidi haionekani.

Salfoniki kabla ya kupoozwa ni asidi inayochoma. Kilo moja ya salfoniki inahitaji takribani gramu 160 za magadi soda makavu ili ipoe. Ukikadiria kwa kopo unaweza kubakiza asidi, na mikono itakueleza jioni kwa kuwasha na kubanduka. Zile karatasi za kupimia asidi ni kitu kidogo, na unatafuta saba au nane. Mimi simpi mtu sabuni ambayo karatasi haijaiona.

Fomalini nimeiondoa. Inatiwa ili sabuni isioze, lakini tangu mwaka 2004 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na sioni kwa nini nivute mvuke wake jikoni kwa ajili ya kuosha vikombe. Nachemsha maji, natengeneza kidogo, inaisha kabla haijanuka.

Jambo linaloninyima usingizi hasa ni chupa. Tunaitia sabuni ya rangi ya machungwa, yenye harufu ya machungwa, kwenye chupa iliyokuwa na soda, tunaiweka chini, halafu tunashangaa mtoto. Na kostiki, ya wale wanaopika sabuni ya miche, ni mbaya zaidi: gamba moja likimezwa linaunguza koo kwa kovu la maisha. Nyumbani kwangu sabuni inakaa kwenye madumu ya rangi moja, juu ya kabati, na hayajawahi kubeba kitu cha kunywa.

Jiki peke yake. Usiichanganye na asidi yoyote, ya betri, ya choo, wala ndimu. Inatoa gesi ya klorini, na chumba cha kufulia hakina madirisha ya kutosha kwa hilo.

## Miche ya nazi

Kuna mpango nilioufikiria kwa muda mrefu kuliko yote: kupika miche kwa mafuta ya nazi. Sabuni ya nazi ina sifa moja ambayo mafuta mengi hayana. Inatoa povu hata kwenye maji ya bahari, ndiyo maana mabaharia waliitumia. Kwa kisima chetu ingefaa kuliko miche ya mawese, na mawese yenyewe yanatoka Kigoma, pembe nyingine kabisa ya nchi. Kilo ya mafuta ya nazi inataka kama gramu 183 za kostiki kuisha yote kuwa sabuni, na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji, kamwe usimwagie maji juu yake.

Hesabu zote ninazo. Nilipokwenda sokoni kuulizia nazi nikarudi nimenunua mbili, za wali.

## Yasiyotoka

Nisije nikamdanganya mtu. Sabuni ya ndoo haina vimeng'enya. Uji wa mtoto uliokaukia kwenye shati, damu, maziwa, vyote hivyo unga wa kiwandani unavivunja vizuri zaidi ukilowekwa, kwa hiyo pakiti ndogo haikosekani ndani. Mashati meupe ya shule nayo hayatang'aa kama ya kwenye tangazo. Zile unga zina dawa inayorudisha mwanga wa buluu machoni. Sisi tunatumia bluu ya kusuuzia kama mama zetu, inatosha kwa paredi ya Jumatatu.

Nguo za kupulizia mikorosho zina utaratibu wake. Salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, haiyeyuki kwenye maji, hivyo ukizilowesha kwanza unaigandisha kwenye nyuzi. Zikung'ute kavu, nje, upepo ukiwa mgongoni kwako, kisha ndiyo beseni, na beseni hilo lisikutane na la watoto.

Na utomvu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, hapo nimeinua mikono. Nimejaribu kuliwahi doa likiwa bichi kwa maji baridi, na hiyo ndiyo nafasi pekee uliyonayo. Likishakauka, alkali ya magadi inalikoza, sabuni ya mche inalikoza, jua linamalizia. Mume wangu ana shati la kuokotea korosho ambalo lilianza maisha yake likiwa la kijani. Kila msimu ananiuliza kama hii sabuni mpya italiweza, kila msimu namwambia avae lilelile.